Bano ya Zambarau

Mjukuu wangu amefungua sanduku kwa mchezo wa simu, likatoa mwanga wa zambarau. "Kwara," ananiita babu kwa Kijaluo, "hii ni ngumu kupata! Kijani inapatwa na kila mtu."

Atanifundisha nini huyu? Pale Oyugis, kwa duka la Mswahili, tulikuwa tunafumba macho tukichomoa bano, zile gololi za kioo, kwa mkebe ulionuka mafuta ya taa. Mimi kila mara kijani. Siku moja binamu yangu akachomoa zambarau, ile moja tu iliyokuwa kwa mkebe. Niliona wivu. Nikamwambia nitamchungia ng'ombe zao mpaka mvua irudi, anipatie. Akacheka.

"Omera, ndugu yangu, shika tu kidogo."

Nikaishika. Ilikuwa baridi, ikaanza kushika joto la mkono wangu.

"Haya, lete."