Njia ya Baiskeli ya Lumemo

Fundi baiskeli wa mtaani kwetu Lumemo anachonga njia ya baiskeli za milimani kwenye kile kiwanja cha wazi. Kila asubuhi huja peke yake. Hushindilia matuta kwa mgongo wa beleshi, huyamwagia maji, kisha huyapapasa kwa kiganja kama anayepima homa ya mtoto. Halafu hupanda baiskeli yake kuukuu na kuyajaribu polepole. Vijana wanaotaka kuruka wanalalamika kwamba matuta yake ni ya kizee.

Jana nami nikamuuliza, “Shikamoo, fundi. Mbona hili umelilaza hivi?”

“Marahaba. Likiinuka, wa nyuma atarushwa.”

Nikatazama keria ya baiskeli yake, pale abiria hukaa. Mto aliomshonea mkewe akalie bado umefungwa pale kwa mpira, umefuliwa, na huu ni mwaka wa tatu tangu tumzike.