Maswali Sita kwa Mama Neema

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya uwakili hapa Johannesburg, mkuu wa ofisi alinipa faili na onyo: "Kijana, shahidi wa upande wa pili usimpe nafasi ya kupumua." Kumhoji hivyo, mpaka maneno yake yapwaye, ndiyo maswali ya dodoso. Mimi, Mkenya mgeni, niliyapenda kuliko chakula.

Miaka mingi baadaye, nikiwa raia, nilichaguliwa diwani wa kata yenye sehemu ya mtaa wa Bertrams. Kwenye mkutano wangu wa kwanza walikuja wakazi wa jengo moja waliopewa notisi ya kuhama. Mmiliki mpya alidai ni wavamizi, na kesi ilikuwa Alhamisi. Akasimama Mama Neema, mshonaji mjane kutoka Bukavu. Kabla hajamaliza sentensi nikaanza: ulihamia lini, nani alikupokea, ushahidi uko wapi? Maswali sita mfululizo. Akaketi, nami nikajiona hodari.

Mnadhimu wa chama, yaani anayetusimamia sisi madiwani, alinivuta kando. "Eish, wakili. Yule mama ni shahidi wa upande gani?"

Aibu ilinishika. Kesho yake nilipanda ngazi hadi kwake, nikaomba radhi, nikaketi karibu na cherehani na kufunga mdomo. Alizungumza saa nzima, zaidi habari za marehemu mumewe. Kisha akafungua Biblia, akatoa karatasi iliyokunjwa.

"Baba, jana nilikuwa nayo mukononi. Weye uliuliza mbio mbio, nikaogopa."

Ulikuwa mkataba wa upangaji, wenye majina ya familia zote na saini ya mmiliki wa zamani. Niliupeleka kwa wakili aliyewatetea wakazi. Alhamisi jaji akayatupa madai ya uvamizi, na hakuna aliyehama.

Tangu hapo nilifanya udiwani kwa masikio zaidi, na niliufurahia. Siku ya kuniaga nilipostaafu, Mama Neema alisimama tena.

"Baba diwani, niko na swali moja tu. Kesho hakuna mutu atakuletea shida. Utasikiliza nani?"

Nilipofungua mdomo, akainua kiganja kunizuia.

"Ukuye kwangu nyumbani," akasema. "Habari ya bwana yangu haikuisha."

Sasa tunakwenda kwake kila Jumatano, mimi na mke wangu. Bado haijaisha.