Mwalimu Morale

Hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, ukimwuliza dereva wa pikipiki anakokaa mwalimu Mathe, naye atakuuliza Mathe yupi, maana wamejaa tele. Lakini taja Mwalimu Morale, atakufikisha mpaka mlangoni. Mathe amefundisha somo la maadili, ambalo hapa huitwa morale, tangu ujana wake, na jina hilo analipenda kuliko alilobatizwa.

Basi akaja Joyeuse, mwalimu kijana aliyekimbia vita vya Eringeti. Alipewa darasa la tano, Mathe akabaki na la sita. Mathe alifundisha maadili ubaoni, watoto wakinakili. Joyeuse aliwapeleka wanafunzi wake kwa wafiwa wa mtaani wakiwabebea maji kwa bidoni, yaani madumu, kisha ndipo wakazungumza darasani. Wazazi walimsifu hadi kanisani. Siku dereva mmoja alipomwita Joyeuse Mwalimu Morale, Mathe alishindwa kula. Wivu, jamani! Mzee mzima, kila mwaka anawaambia watoto wivu ni mbaya, leo anamwonea wivu binti wa rika la mwanawe.

Mambo yalichacha mkuu wa shule alipotangaza kwamba somo hilo litashikwa na mwalimu mmoja kwa madarasa yote mawili. Mathe alimvamia ofisini.

"Directeur, ile ya Joyeuse haiko morale! Ni kutembeza batoto tu!"

"Mais batoto njo banasoma," mkuu akajibu, yaani lakini wanaosoma ni watoto wenyewe. "Acha tubaulize."

Watoto wakakusanywa uani. Christa, msichana wa darasa la tano, alisema kwa niaba ya wenzake: "Tunataka Mwalimu Mathe."

Mathe alimtupia Joyeuse jicho la ushindi, bila haya.

"Juu ya nini?" mkuu akauliza.

"Mwalimu Joyeuse alituambia haiko muzuri kunyanganya mukubwa kazi yake. Tulilia, mais tulikubali."

Joyeuse aliinamisha kichwa. Somo akapewa Mathe.

Jumatatu alipoingia darasa la tano, watoto walisimama wote pamoja, wakamwamkia kwa adabu, wakangoja awaambie wakae. Mathe alishika chaki asijue aandike nini. Adabu hiyo yote ilikuwa kazi ya Joyeuse, naye aliiona wazi, na wivu ukamchoma kuliko siku zote. Alitamani hata mmoja wao apige kelele.