Kibofu cha Mitwalli

Kijijini Kafr Abu Sanad, Mitwalli alipokuwa mdogo, mvulana ambaye mkojo wake haujapata kuwa mwekundu alihesabiwa hajakomaa. Wenzake walimwambia akakae jikoni na dada zake. Mitwalli alianza kukojoa damu akiwa na miaka tisa, akajiona mwanamume. Kiangazi chote walishinda kwenye mfereji wa mpunga, wakiogelea. Siku wauguzi wa serikali walipokuja shuleni na sindano za kichocho, aliruka dirisha, kwa sababu kaka yake alidungwa akatapika kutwa nzima. Baadaye damu ilikoma yenyewe, naye akaisahau.

Alilima mpunga wakati wa joto na maharage wakati wa baridi. Alimwoa Saniya, binti ya mjomba wake, wakapata mabinti watatu na mvulana mmoja, Fathi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alipofika miaka hamsini na miwili damu ilirudi, bila maumivu yoyote, naye akanyamaza miezi mitano. Saniya aligundua siku ya kufua.

"Baba Fathi, damu hii ya nini kwenye suruali yako?"

"Nimejikata na mundu."

"Ukajikata huko? Basi mundu wako hauna adabu." Akaitia suruali majini. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Kesho tunakwenda mjini, na ukikataa namwambia mama yako."

Mama yake alikuwa na miaka themanini, na Mitwalli alikuwa bado anamwogopa. Wakaenda.

Hospitalini walimpima siku tatu. Siku ya nne daktari Tharwat, mtu mnene mwenye sauti ya chini, aligeuza bahasha ya picha za eksirei akamchorea nyuma yake.

"Hizi figo, mbili, kila moja kama ngumi yako. Ziko mgongoni, chini ya mbavu. Damu yako yote hupita humo mara nyingi kwa siku, zikaichuja. Maji ya ziada na uchafu hushuka kwa mirija hii miwili, kidogo kidogo, mpaka kibofuni. Kibofu ni mfuko wa msuli. Hutanuka, kikijaa hupeleka habari kichwani, ukikipa ruhusa hujikaza kikamwaga."

"Na changu?"

"Mayai ya kichocho yamekaa kwenye ukuta wake zaidi ya miaka arobaini. Ukuta umeota saratani. Figo bado nzima. Kibofu lazima kitoke."

"Mkojo utakaa wapi?"

"Tutachukua kipande cha utumbo wako, kama dhiraa moja, tukishone kiwe mfuko. Juu tutaiunganisha ile mirija, chini njia ya mkojo."

Mitwalli aliweka kidole kwenye mchoro. "Utumbo utajuaje kwamba umekuwa kibofu?"

"Hautajua," daktari alisema. "Utajua wewe."

Ilikuwa kama alivyosema. Wiki tatu baada ya upasuaji, mpira wa kutolea mkojo ulipoondolewa, muuguzi aitwaye Ragaa alimfundisha kukojoa upya: akae, alegeze chini, aminye tumbo kwa mikono miwili. Mwanzoni kila baada ya saa mbili, kisha tatu, kisha nne. Mkojo ulitoka na makamasi. Ragaa alimweleza kwamba utumbo ulikuwa unaendelea na kazi yake ya zamani, anywe maji mengi. Hamu ya kukojoa haikumjia tena. Alisikia uzito tu, na uzito huo haukuwa na haraka ya kumwambia lolote.

Fathi alimnunulia saa ya mkononi inayolia. "Sasa nimeolewa na stesheni ya redio," alisema Saniya. Miezi ya kwanza, Mitwalli alipolowesha kitanda, Saniya alitandika nailoni chini ya shuka, wala hakulizungumza.

Kijijini walisema kwamba alitolewa mawe. Neno hilo lilisimama mwaka mzima, mpaka Sabri, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, alipofiwa na kaka yake. Katika hema la matanga, msomaji wa Kurani akiwa katikati ya sura, saa ya Mitwalli ililia. Akainuka akatoka. Aliporudi, Sabri alikuwa amesimama mlangoni.

"Hata kungoja msomaji anyamaze, Mitwalli? Marehemu alikukosea nini?"

Watu waligeuka. Mitwalli alisema kwa sauti yake ya kawaida:

"Kibofu changu kilikatwa kwa saratani. Nilicho nacho ni utumbo. Hausikii chochote, unafuata saa. Nisamehe."

Sabri alisogea kumpisha.

Siku tatu baadaye alikuja shambani. Mitwalli alikuwa majini na viatu vya mpira mpaka magotini vya kujikinga na kichocho, ambavyo wakulima wengine walivicheka. Sabri alisimama ukingoni, akauliza habari za mpunga, kisha akasema, "Ile yako ilianzaje?"

"Damu. Haiumi."

"Ulingoja siku ngapi?"

"Miezi mitano."

"Mimi huu mwezi wa pili."

Mitwalli alitoka majini. "Kabadilishe kanzu. Basi la saa nne tunaliwahi."

Uvimbe wa Sabri ulikuwa mdogo. Madaktari waliukwangua kwa chombo kilichopita njia ya mkojo, kibofu chake wakamwachia. Siku ya kurudi, basi liliposimama kwa ajili ya mafuta, Sabri alikwenda nyuma ya ukuta akakojoa kwa kusimama, kama mtu yeyote. Mitwalli alimtazama mgongo, kisha akatazama kwingine.

"Nilimwonea wivu," alimwambia Saniya jioni ile.

Saniya alikuwa anapembua mchele. "Ulimpeleka wewe mwenyewe."

"Ndiyo. Na wivu nilimwonea."

"Basi mwonee, lakini usimwambie. Mke wake ametuletea bata."

Baada ya Sabri walikuja wengine, mmoja mmoja, baada ya sala ya alasiri. Walianza na habari za maji na mbolea. Saniya alizoea kuweka chai na kutoka, na Mitwalli alizoea kutafuta karatasi na kuchora figo mbili, mirija miwili na mfuko. Mchoro wake haukuwa mzuri, lakini walioutazama walikwenda kupimwa, isipokuwa wawili.