Wimbo wa Tatu, Upande wa Pili

Fundi redio wa mtaani kwetu hujaribu kila spika kwa santuri moja tu ya mkusanyiko, rokenroli za zamani na magitaa ya wale vijana wa Marekani waliokuwa wakiteleza kwa ubao juu ya mawimbi ya bahari. Jalada lilipotea na maandishi ya karatasi ya katikati yamefutika, kwa hiyo nyimbo anaziita kwa namba. "Wa kwanza ni wa vichaa, dada, utakuvunja kiuno." Huifuta kwa pindo la shati, huishusha sindano kama anayemlaza mtoto, kisha huinua kidole. Wimbo wa tatu, upande wa pili, ngoma zinanyamaza ghafla na gitaa linaingia peke yake, na kidole hushuka nalo papo hapo. Mimi ni mtu wa nyimbo za sala, lakini pale moyo wangu huruka, Mungu anisamehe.

Juzi nilipoifuata redio yangu niliyompa aitengeneze, aliunganisha spika yake, akaweka santuri ile. Gitaa likaingia, kidole kikabaki juu. Kiganja chake kingine kilikuwa kimelala juu ya spika, kikitafuta mtetemo. Nikaelewa kuwa masikio yanamwacha.

"Inalia safi, dada?" aliuliza, akinitazama midomo.

Ningesema safi, ningemfurahisha, na kesho mteja mwingine angemwaibisha mbele za watu.

"Inakwaruza, kaka."

Aliinua sindano. Kisha akachukua bisibisi, akanisogezea kigoda. "Basi kaa."

Siku hizi nikitoka sala napitia pale. Yeye anafungua na kufunga spika, mimi namsikilizia gitaa, nainua kidole.