Mtufaa wa Gesti ya Pamba

Siku ya kwanza kazini, Meneja wa gesti ya ushirika hapa Bariadi alinikabidhi ndoo, panga na mtufaa mmoja, mti wa maepo. Nilikuwa binti wa Ngulyati, niliyemaliza darasa la saba, na usingizini nilishaona maepo yamejaa mkoa mzima.

Mti ule uliachwa na mapadri wa zamani. Matunda yake madogo, ya kijani, makali mpaka jicho linafumba. Mpishi Mkuu, Mama Kabula, alinifundisha siri yake: mtufaa ni mti wa baridi, kwenye joto letu hausinzii, na usiposinzia hautoi maua. Basi unaulaza kwa nguvu, unapukutisha majani yote kwa mkono, kama unavyonyonyoa kuku.

Miaka ikapita, soko la pamba likawa huria. Wanunuzi binafsi wa pamba wakajaa, na madukani yakaingia maepo mekundu ya nje, matamu. Meneja akataka mti ukatwe, malori yapate pa kuegesha. Nililia mbele yake bila aibu.

“Mayu, mama yangu, nyamaza,” akasema. “Nitauacha mti uzae mara moja tu. Mgeni akila, akaomba kuongezewa, mti unabaki.”

Nikapanda kupukutisha. Akina mama wa Nkololo waliokuja mnadani wakasimama kuuliza majani yale yanatibu nini. Nikawaambia hayatibu kitu. Wakatazamana: mganga wa kweli hasemi. Wakapanda kunisaidia, wakaondoka na khanga zimejaa majani. Kufika jioni mti ulikuwa uchi.

“Nilisema ulishe wageni,” Meneja akaniambia, “sijasema uufanyie mti mazishi.”

Ukachanua, ukazaa. Nikachukua sato wa Lamadi, nikamuunga kwa kitunguu na nyanya, na badala ya ukwaju nikakwangua matufaa. Mnunuzi mmoja wa pamba akala, akasukuma sahani kwangu, tupu. Nikapakua tena. Meneja, aliyekuja kushuhudia nikishindwa, akakuta sufuria imebaki mchuzi. Akaifuta kwa ugali mpaka ikang'aa.

“Malori yataegesha barabarani,” akasema, mdomo umejaa.

Nilipostaafu nikaulizwa nataka zawadi gani, bati au baiskeli. Nikaomba vikonyo viwili vya mtufaa, yaani vijiti vichanga vya kubebesha juu ya miche niliyootesha kwa mbegu. Wakanihurumia, wakaongeza bati.

Bati nimeezekea banda la kuku. Vikonyo vimeshika vyote, na mwaka huu wajukuu wamepanda kunyonyoa majani.