Mwadime na Yule Anayetembea Tu

Mpaka saa hii naangalia simu nikingoja Mwadime aniambie hii ni movie, na mimi ndiye yule jamaa mjinga anayefungua mlango.

Tumemzika jana, huko juu milimani Taita. Nimerudi Voi na viatu vya udongo, viko hapo mlangoni, sina nguvu ya kuvisafisha. Watu wananiuliza niko sawa. Niko. Nimechoka tu.

Kamati ya mazishi ilinipa nafasi niseme maneno kama workmate wake. Mwenyekiti akasoma nilichoandika, akavua miwani. "Mutua, haya ya wauaji na mizuka tuyaache. Pasta atakuwepo." Basi nikasema marehemu alikuwa mchapakazi na alipenda watu. Yaliyobaki ni haya.

Kwa wasiomjua: Mwadime tulikuwa naye stoo, wholesale hapa mjini, upande wa mchele na sukari. Weekend alikuwa DJ wa movie kwa kibanda cha video. Si DJ wa muziki. Ni yule anayekaa na maiki, movie ya Kizungu inaendelea, naye anaitafsiri juu kwa juu na kuongeza chumvi yake. Alichukua za kutisha pekee.

Na kwake hakuna muuaji aliyeua bila kusalimia. Jitu lina shoka, damu mpaka viwikoni, linasimama mlangoni na kuuliza kwa Kidawida, lugha ya kwao Taita, mmeamkaje, mama hajambo, mbuzi wamezaa? Kisha ndio kazi inaanza. Kibanda kizima kinacheka huku kinaogopa.

Nilimuuliza kwa nini. "Bro, kuua ni tabia mbaya. Lakini kukosa kusalimia ni kukosa malezi."

Lunch break ilikuwa ya ranking. Nani ni muuaji mbaya kuliko wote kwa movie?

Mnyonya damu alikuwa mkiani kila siku. "Huyo akishuka treni ya SGR mchana, jua la Voi linammaliza kabla apate bodaboda."

Doli lenye kisu: "Mama yangu angelifagia na takataka."

Nyumba yenye mizuka ilipanda na kushuka kulingana na rent. Mlango kujifunga wenyewe haukumsumbua. "Enda kwa mtu ambaye ndovu wamelala kwa mahindi yake, umwambie eti kuna mlango unalia."

Namba moja wake hakubadilika. Yule muuaji asiyesema, asiyekimbia. Anatembea tu. Mimi nilimweka wa mwisho, hata nyuma ya doli.

"Mtu anatembea, Mwadime! Si ukimbie?"

"Ukimbie mpaka wapi?"

"Mpaka Mombasa!"

"Sawa. Umefika Mombasa. Utalala? Yeye ako Mariakani, na hajachoka."

Tulibishana hivyo mpaka supervisor akatuita ofisini. Tukajua ni warning. Kumbe alitaka kutoa ranking yake. Aliweka nyoka namba moja. Tulimdharau mpaka mwisho wa mwezi.

Halafu figo zikaanza. Mashine ya kusafisha damu, nyumbani, mashine tena. Kazini akapewa light duty, halafu leave, halafu kiti chake kikawa cha kuwekea magunia. Akarudi milimani kwa mama yake.

Siku moja nikampigia. "Uko aje?"

"Yule wangu wa kutembea ametoka Mombasa leo asubuhi."

Nilicheka. Nilipokata simu ndipo nikaelewa.

Tangu hapo sikumuuliza tena anaendeleaje. Niliuliza, "Amefika wapi?"

"Maungu. Ananunua maji."

Baadaye: "Ako Voi. Amepita hapo nje kwenu, hukumwona?"

"Si apande gari ya Wundanyi, huko juu kwenu?"

"Hapandi gari huyo, umesahau? Anakuja na miguu."

Hapo nikamtumia message: Sawa, namba moja ni wako, umeshinda. Akajibu, "Umechelewa, boss, lakini tumepokea."

Simu yetu ya mwisho aliniambia yule wake amefika kwa kona ya kanisa la kwao. Nikauliza anaonekanaje. "Amechoka kama mimi. Huu mlima si mchezo."

Jana watu walipoanza kuondoka, mama yake akanivuta kando ya jikoni. "Mutua, mwanangu, niambie ukweli. Ni nani alikuwa anamfuata Mwadime? Nilikuwa nawasikia kwa simu. Amefika hapa, amefika pale. Kuna mtu alikosana naye huko Voi?"

"Hapana, Mama. Hakukosana na mtu."

Nikamweleza yote. Kibanda, maiki, ranking, yule mtu asiyekimbia. Niliona aibu, mtu mzima namweleza mama mfiwa habari za movie. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya kifuniko cha sufuria.

"Basi alifika," akasema.

Nikamwangalia.

"Alasiri ile ya mwisho nilimsikia Mwadime anaongea chumbani. Kidawida. Anajibu salamu. Eti nyumbani hawajambo, mbuzi wako salama. Halafu akasema karibu, keti. Nikajua ni mgeni amepitia nyuma. Nikaenda kubandika chai. Niliingia na vikombe viwili, nikamkuta peke yake, ameshaenda."

Nikauliza tu, "Kwa hivyo alisalimia, Mama?"

"Alisalimia, mwanangu."

Mwadime, ranking imefungwa. Namba moja ni wako, na malezi anayo.

Lala sasa, bro. Lala vizuri. Mlima umeisha, na hakuna anayetembea tena.